Rasimu ya Saba

Umeme umerudi saa tano na robo.
Feni ya kliniki inakohoa, kompyuta inadai nenosiri,
nami naanza tena kwa jina la mtoto
ambalo fomu haitaki kulijua.

*Eleza tatizo. Maneno yasizidi mia mbili.*

Bibi yangu, kule Chumbageni, alihesabu mizani kwa vidole,
nane kwa nane, gumba likipita juu ya vidole
kama mtu anayeonja chumvi.
Nami nahesabu. Mia mbili na kumi na moja.
Nafuta "maskini." Nafuta "asubuhi ile."
Nafuta kwamba Mhina alitapika kila alfajiri, kabla ya chai,
na mwalimu akaandika daftarini: mvivu, anasinzia.
Nafuta baiskeli,
jinsi alivyoanza kuvutwa upande wa kushoto
barabara ya kumi na nne, akagonga meza ya muuza machungwa,
akacheka, akainuka, akagonga tena.
Imebaki: *dalili hutambuliwa kwa kuchelewa.*
Maneno manne.

*Idadi ya walengwa.*

Kumi na mmoja, kwa miaka mitatu.
Wakfu wa kwanza ulitujibu kwa adabu:
idadi yenu ni ndogo, haina uzito wa kitakwimu.
Ni ndogo, kweli. Shekiondo wa maabara
anawatunza wote ndani ya boksi la viatu,
vioo kumi na kimoja, na juu ya kila kioo kipande
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Namba kaziandika kwa penseli; wino hufutwa na spiriti.
Nilimsomea ile barua. Akakifuta kioo kimoja kwa pindo la koti,
akakirudisha mahali pake.
"Hawa si wachache, daktari.
Hawa ndio waliotufikia."

Wanataka pia tuwafuatilie wagonjwa miezi ishirini na minne.
Mji huu hutaniwa: waja leo, waondoka leo.
Nimeucheka utani huo tangu utotoni.
Sikujua unaweza kukaa ndani ya jedwali,
safu ya tatu, chini ya neno *matokeo.*

Bajeti. Jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri.
Jenereta ya kulilinda jokofu. Dizeli ya kuilinda jenereta.
Nauli za wazazi kutoka Maramba, kutoka Pangani.
Hapa ndipo kalamu yao nyekundu hushuka:
hatugharamii nauli.

Mama Mhina alikuja Jumatatu.
Sikuwa nimemwita. Arobaini ilikwisha pita.
Akaweka mezani zile filamu nyeusi za kichwa
ndani ya mfuko wa mchele.
"Mlisema mnatafuta. Nyumbani hazina kazi.
Baba yake alitaka kuzibandika dirishani zizuie jua."
Nikaiinua moja kwenye taa. Doa lilikuwa pale pale,
kama ndimu changa,
limekaa bila wasiwasi kama mwenye nyumba.
Hakulitazama. Alitazama mikono yangu.
"Hao wenye fedha, wanasoma Kiswahili?"
Nikamwambia hapana.
"Basi usiwaandikie kama unaomba chumvi."

Saa saba kasoro. *Maelezo ya ziada, si lazima.*
Vidole vyangu vikaanza vyenyewe, nane kwa nane:

Kichwa kidogo cha mwana, kimebeba jiwe ndani,
Usiku hata mchana, halimtoki kichwani,
Waliouliza jana, wamejibiwa ni jini,
Mimi nasema hapana, nawaomba hadubini.

Nausoma ubeti kwa sauti. Popo tu ndiye anayesikia,
na mlinzi, anayedhani naongea na simu.
Kisha nafuta mishororo mitatu, na wa nne karibu wote.
Neno la mwisho nimeliacha.
Nimelihamishia kwenye bajeti.